Nyumba na Mtaa: Maswali yenu kuhusu ua, baraza na maeneo ya wazi

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu nafasi mnazozitumia pamoja na wenzenu: ua, ngazi, kichochoro, uwanja. Barua zimekuja kwa wingi, na nyingi zinalalamikia jambo moja, kwamba nafasi iliyokuwa ya wote inaliwa kidogo kidogo mpaka watu wanabaki na milango tu. Nimechagua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu kwa sababu walioziandika wako karibu kuita mafundi na wapima, na zege likishamwagwa hakuna cha kushauriana tena.

Swali: Shikamoo Mama. Mimi na wadogo zangu tumerithi nyumba ya Kiswahili hapa Temeke, vyumba sita, ukumbi katikati. Ua una upana wa mita 11 na kina cha mita 9. Nyuma kabisa kuna safu ya choo, bafu, jiko na stoo, na katikati upo mwembe. Wadogo zangu wanataka tukate mwembe tujenge vyumba vinne vya kupangisha. Wapangaji wetu, kaya sita, wananung'unika. Je, wana haki ya kununa wakati ua ni wetu? – *Mrithi, Temeke*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzazi.

Ua ni wenu, hilo halina ubishi. Lakini jiulizeni wapangaji hao wanalipia nini. Chumbani mna kitanda, kabati na pazia. Maisha yenyewe yako uani: kupika, kufua, kuosha vyombo, kumwogesha mtoto, kusukana, kulala mkekani umeme ukikatika wakati wa joto la mwezi wa pili. Mkiujaza ua, mmempunguzia kila mpangaji makazi yake bila kumpunguzia kodi. Ndiyo, wana haki ya kununa.

Mimi nimezaliwa Ilala katika nyumba kama hiyo, chumba cha pili kushoto. Mama alikuwa akikanda maandazi uani saa kumi za alfajiri. Akienda kuyauza, sisi tulibaki na yeyote aliyekuwa akichambua mchicha asubuhi ile. Hapakuwa na zamu wala malipo. Jiko la kila mmoja lilikuwa mbele ya macho ya wenzake, kwa hiyo sufuria isiyoinjikwa ilijulikana mapema, na sahani ilikuja kabla hujaomba. Mambo hayo hayafanyiki kwenye kijia cha mita moja kati ya ukuta na ukuta.

Nyumba hii mnayotaka kuibadilisha ilipangwa na watu wenye akili sana. Mtu wa njiani huishia barazani. Anayejulikana huingia ukumbini. Uani ni kwa watu wa nyumba, hasa wanawake na watoto, na chumba ni cha mtu na familia yake. Kila hatua unayopiga kutoka barabarani inakupeleka kwa watu wachache zaidi, na kila mmoja anajua mahali pa kubisha hodi. Tazameni pia upepo: ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele hadi wa uani ili hewa ipite, iwe kusi au kaskazi. Vyumba vinne vya wadogo zako vitasimama mdomoni mwa ukumbi huo, na vyumba sita vya zamani vitawaka joto mwaka mzima.

Sasa tupime. Katika kina cha mita 9 toeni ile safu ya nyuma, ambayo kwa nyumba za aina hii huwa kama mita mbili na nusu. Inabaki mita 6.5 kwa 11, yaani mita za mraba 71 na ushei. Vyumba vinne vya mita tatu kwa tatu vinakula 36. Ongezeni unene wa kuta na njia ya kufikia kila mlango: kinachobaki ni vijia. Kamba za kuanikia hazina pa kufungwa. Choo nacho ni kilekile, kaya sita zinakuwa kumi kwenye shimo moja, na gari la maji taka mtaliita mara nyingi zaidi kwa fedha zenu wenyewe. Halafu masika: mabati yameongezeka, udongo umefunikwa kwa saruji, na maji yote yaliyokuwa yakinywewa na ua yatatafuta pa kwenda, ama chooni ama kwa jirani.

Jengeni vyumba viwili. Vikae upande mmoja wa ua, ule ambao dirisha la chumba cha mwisho linafungukia kichochoro, si uani. Viwe vya mita 3 kwa 3.2, vimefuatana, milango ikitazama uani. Mtabaki na mita 8 kwa 6.5, mita za mraba 52, na huo bado ni ua wa kupikia kaya nane. Ikiwa madirisha ya vyumba vyote viwili vya mwisho yanafungukia uani, basi acheni mita moja na nusu kutoka ukutani, mjenge chumba kimoja kikubwa badala ya viwili. Anayesimama kwenye mlango wa ukumbi aendelee kuona mbingu. Mwembe ubaki, kama shina limeangukia kwenye mstari wa msingi, sogezeni msingi. Kuzunguka mti msisakafie, mwageni changarawe. Choo cha pili kichimbwe kabla ya vyumba, si baada ya wapangaji wapya kuhamia. Na msiwasikilize mafundi wanaosema vyumba vya uani havihitaji kibali cha ujenzi. Vinahitaji, nendeni halmashauri.

Jambo jingine: kabla ya kumwita fundi, iteni wapangaji wote sita mkae nao uani hapo hapo, mkiwa na kamba na vigingi. Chorea vyumba chini kwa chokaa. Waulizeni jiko liwe ukuta gani, kamba za nguo zipite wapi, tangi la maji likae wapi. Wao ndio wanaoujua ua huo kuliko mimi na kuliko nyinyi.

Swali: Habari za kazi, Mama. Ni katibu wa kamati ya urasimishaji, yaani kupimiwa na kumilikishwa viwanja tulivyojenga bila mpango, katika mtaa wetu, Mbagala. Kipande chetu kina nyumba 60. Waliokuja kupima wametuambia tutenge eneo la wazi, na wamependekeza nusu eka kule bondeni ambako hakuna aliyejenga. Wajumbe wamefurahi kwa sababu hakuna atakayepoteza ardhi. Mimi sina amani. Nisemeje kikaoni? – *Katibu, Mbagala*

Jibu: Ndugu Katibu, huna amani kwa sababu umeliona bonde hilo likijaa. Kama watu hawakujenga pale katika mji huu ambamo watu wanajenga kila mahali, maji yana njia yake pale. Jangwani tuliona: mvua za Desemba 2011 ziliua watu katika bonde la Msimbazi na kuwaacha wengi bila makazi, baadhi wakahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo la kwanza la kusema kikaoni ni kwamba bonde libaki la maji, na mchoro uandike hivyo. Wasilihesabu kama uwanja wenu.

La pili ni macho. Mtoto wa miaka minne hatumwi bondeni kucheza. Anacheza pale ambapo mama akiinua kichwa kutoka kwenye beseni anamwona. Eneo la wazi lisilotazamwa na mlango wa mtu yeyote nimeliona linavyokwisha: kwanza kifusi cha mtu anayejenga, halafu gereji, halafu fremu mbili za duka, halafu uzio, na siku moja mtu ana karatasi mkononi. Kumbukeni Sinza na Kijitonyama. Zilipangwa katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa fedha za Benki ya Dunia, viwanja vya watu wa kipato cha chini vikiwa vya mita za mraba 288, barabara zimenyooka, maeneo ya wazi yamechorwa. Leo baadhi ya maeneo hayo ni majengo ya watu na baa. Mchoro ulikuwa mzuri. Hapakuwa na kaya kumi ambazo zingetoka nje na kusema hapa ni petu, hapajengwi.

Nikupe mfano wa nchi nyingine ambao naupenda kwa sababu uliandaliwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na vipimo vyake tunaviweza. Huko Belapur, Navi Mumbai, nchini India, msanifu Charles Correa alijenga kati ya mwaka 1983 na 1986 makazi ya kaya zipatazo 550 kwenye hekta kama sita hivi. Viwanja vyenyewe vilikuwa vidogo kuliko vyetu, mita za mraba 45 hadi 75. Alichukua nyumba 7 akazipanga kuzunguka ua wa mita 8 kwa 8. Makundi matatu ya namna hiyo, nyumba 21, akayazungushia nafasi ya mita 12 kwa 12. Akaendelea hivyo, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye nafasi ya mtaa mzima yenye shule na maduka. Wala nyumba hazikuchangia ukuta, ili kila mwenye yake aweze kuongeza chumba bila kugombana na jirani. Nyumba nyingi za mwanzo zimeshavunjwa na kujengwa kubwa zaidi, lakini ua wa nyumba saba una watu saba wa kuutetea, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina.

Huo ndio ule ule mpango wa baraza, ukumbi na ua, umetolewa nje ya nyumba na kupewa mtaa.

Sasa fanya hesabu mbele ya wajumbe. Nyumba 60 mzigawe makundi manne ya nyumba 15, kila kundi liwe na nafasi yake ya mita 8 kwa 8. Nafasi zote nne ni mita za mraba 256. Hiyo haifiki hata kiwanja kimoja cha Sinza! Gawanya kwa nyumba 60, ni kama mita nne na robo za mraba kwa kila nyumba, sawa na mkeka mmoja mpana. Waambie hivyo. Wajumbe wanaogopa neno eneo la wazi kwa sababu wanafikiria uwanja wa mpira.

Ardhi hiyo itoke wapi? Msianze na karatasi. Tembeeni mtaani jioni mkaone watu wamekaa wapi tayari. Patakuwa na mkorosho au mwarobaini wenye gogo chini yake, patakuwa na mahali vichochoro vitatu vinakutana na wanawake wanauza samaki wa kukaanga. Panueni hapo. Anayekatwa mita kumi afidiwe na wenzake wa kundi lake, kwa fedha au kwa kusogezewa mpaka upande mwingine, na yote yaandikwe katika muhtasari wa kikao na kusainiwa. Bikoni, yaani alama za mipaka, za nafasi hizo ziwekwe kama za viwanja vya watu. Nakala ya mchoro uliopitishwa ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa mahali pa kuonekana, na nyingine ibaki kwa mtu mmoja katika kila kundi.

Kuna sharti moja ambalo msikubali kulilegeza: nyumba zinazoizunguka nafasi zifungulie mlango upande huo. Mkiruhusu kila mtu ageuze mgongo na kupandisha ukuta wa mita mbili, mmetengeneza jalala. Hata kibaraza chembamba kinatosha. Balkrishna Doshi, msanifu mwingine wa India, alipopanga makazi ya Aranya huko Indore, viwanja 6,500 na vidogo kabisa vikiwa vya mita za mraba 35, aliacha ukanda mwembamba mbele ya nyumba kwa ajili ya vibaraza na ngazi. Maskini wa kiwanja cha mita 35 alipata mahali pa kukaa na kuitazama njia. Sisi wenye baraza tangu enzi za mababu tunaibomoa ili kuongeza fremu.

Kuhusu mpira wa vijana, nyumba 60 haziwezi kubeba uwanja peke yake. Zungumzeni na mitaa jirani au na shule.

Swali: Shikamoo Mama. Nasoma mipango miji. Kila wiki tunafundishwa kuisifu Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini nyumba zile zilikuwa za matajiri, na baraza ilikuwa ya wanaume. Maskini wa leo, na hasa sisi wanawake, tutanufaika nini na mfumo ule? – *Mwanafunzi, Mombasa*

Jibu: Marahaba binti yangu. Uliza hivyo hivyo darasani, wala usione haya.

Ni kweli, zile nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, zilikuwa za waungwana, na mawe hayo hawakuyabeba wao. Watumwa ndio waliofanya kazi. Anayeusifu mji ule bila kulitaja hilo hajausema wote. Lakini angalia kilichokuwa kikipangwa. Mgeni alikaa dakani, kwenye viti vya mawe mlangoni. Aliyelala alipewa sabule, chumba chake kisichomwingiza kwenye mambo ya ndani. Kiwanda, ule uwazi wa katikati, kilileta mwanga na hewa ndani ya nyumba iliyobanwa na majirani pande zote. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mita tatu. Njia zilikuwa nyembamba kiasi cha punda, na kwa hiyo zina kivuli mchana kutwa.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji utajiri. Ushahidi ni nyumba niliyoieleza kwenye barua ya Temeke. Hiyo ilijengwa kwa miti, fito, udongo na makuti, na watu waliokuja mjini kutafuta kazi bandarini na sokoni, na bado ilibeba hatua zile zile: baraza, ukumbi, ua. Maskini waliuchukua mpango huu zamani, sisi wataalamu ndio tuliokuja kuutoa kwenye michoro.

Kuhusu wanawake, umesema jambo zito zaidi. Chukua mfano wa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Kiliwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka mtaani. Mimi naona mambo mawili pale: ukaribu wa majirani, ambao nauthamini, na zuio la kutoka, ambalo silitaki lirudi. Tuchukue ukaribu. Kila mradi wa nyumba nafuu unaoletwa mbele yangu nauliza wasichana watakaa wapi saa kumi na moja jioni, na mara nyingi chumba kinakuwa kimya. Benchi limewekwa kando ya kijiwe cha bodaboda, bomba la maji limetupwa nyuma ya jengo, kivuli chote kiko upande wa maegesho. Mimi nasema nafasi ya pamoja ambayo ikifika jioni wamebaki vijana wa kiume peke yao imeshindwa, hata kama imepambwa kwa maua. Wasichana wanahitaji udongo tambarare wa kuchezea rede, kivuli cha kuchezea mdako na kusukana, na njia mbili za kutoka ili mtu akiwasumbua wasibanwe pembeni. Mama lishe naye anahitaji mahali pa jiko na maji, kwa sababu mahali alipo mama lishe watu wazima wapo tangu alfajiri.

Andika utafiti wako wa mwisho kuhusu hilo. Ningeusoma kwa hamu.

Swali: Mama, tunaishi ghorofa ya tatu, jengo la wakazi wa kipato cha chini hapa Dar. Maji yapo, choo kiko ndani, namshukuru Mungu. Ila mwezi uliopita jirani alifiwa, na hatukuwa na pa kufunga turubai kwa sababu chini kote ni magari. Mwingine anapikia mkaa kwenye ngazi na moshi unatuingia. Tunagombana kila siku. Je, maghorofa hayatufai? – *Mama wa watoto watatu, Kinondoni*

Jibu: Dada yangu, maghorofa yanatufaa. Ardhi ya mjini haitoshi sote kujenga chini, na choo cha ndani ni neema kubwa kwa mama mwenye watoto. Kinachokuumiza ni kwamba ukifungua mlango wako unaangukia kwenye ngazi, na ukimaliza ngazi uko kwenye barabara ya magari. Katikati hakuna kitu.

Michenzani, Unguja, ilikuwa hivyo. Mpango wake ulichorwa mwaka 1968 na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, Mzee Karume akausimamia, na majengo yakajengwa miaka ya 1970, marefu kupita kiasi, mengine yanafikia mita 300. Watu waliotoka kwenye nyumba za udongo za Ng'ambo walipata umeme na maji ya bomba, na wazee wengi wanalishukuru hilo mpaka leo. Lakini baraza hazikuchorwa, na ua haukuchorwa. Unajua walichofanya? Walizitengeneza wenyewe. Maskani ya Kisonge pale Michenzani, kijiwe cha watu kukaa na kuzungumza, yenye ubao wake wa matangazo, inajulikana Zanzibar nzima. Watu wakinyimwa nafasi ya katikati huijenga kwa mikono yao, na ni heri waijenge kwa makubaliano kuliko kwa ugomvi.

Anzeni na mkaa leo hii. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini, na ngazi ndiyo njia yenu ya kukimbilia moto ukizuka. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiwe kwenye ngazi wala ndani. Lakini usimkataze mwenzio bila kumpa pa kwenda, maana maharage na makongoro kwa gesi ni gharama. Chini, upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na madirisha, jengeni kibanda wazi chenye bati na meko manne ya matofali. Itakuwa ndiyo sehemu yenu ya kwanza ya kukutana.

Kuhusu turubai: moja lenye viti hamsini linahitaji kama mita 6 kwa 10. Hiyo ni nafasi ya magari matano tu. Chagueni kipande hicho karibu na mlango mkuu, kiwe na sakafu ngumu isiyotuama maji, na mkubaliane kwamba kukiwa na msiba au hitima magari hayo matano yanahama ndani ya saa moja. Siku za kawaida watoto wacheze hapo mchana, kabla magari hayajarudi kutoka kazini. Mpakeni mstari wa rangi chini ili kusiwe na ubishi. Jengeni kibaraza cha matofali, kimo cha goti, kando yake. Nguo zianikwe juu ya paa kama paa ni la zege na lina ukuta wa kinga, kamba moja kwa kila ghorofa.

Na mamlaka ya kufanya hayo mnayo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inazihesabu ngazi, paa na ardhi iliyozunguka jengo kuwa mali ya pamoja ya wenye nyumba wote, inayosimamiwa na chama chao. Kama mmeuziwa, undeni chama hicho. Kama ni wapangaji, andikeni barua moja kwa mwenye jengo, isainiwe na kila mlango, ikiwa na mchoro wa kipande mnachokiomba. Barua yenye mchoro na vipimo hujibiwa haraka kuliko malalamiko.

Swali: Sasa Mama. Sisi ni kikundi cha vijana wa Kayole, Nairobi. Court yetu, yaani ua wa pamoja unaozungukwa na nyumba, imejaa taka na maji machafu, na tunataka kuisafisha kama wenzetu wa mtaa wa Dandora. Wazee wanatuambia itarudi ilivyokuwa baada ya wiki mbili. Ni kweli? – *Kikundi cha vijana, Kayole*

Jibu: Poa wanangu. Inaweza kurudi, kama kazi yenu itakuwa ya siku moja ya fagio na picha.

Dandora ni mfano wenu mzuri kwa sababu ilianza vizuri, ikaharibika, na wenyewe wakaifufua. Mradi ule ulianza mwaka 1975, viwanja 6,000, nao ulikuwa wa Benki ya Dunia kama wa Sinza. Nyumba zilipangwa kuzunguka court. Wakati zilikuwa za chini na familia chache, ziliwezekana kutunzwa. Wenye ploti wakapandisha maghorofa ya kupangisha, watu wakaongezeka mara nyingi, na court ikabaki ile ile bila mwenyewe. Vijana, wengi wao chini ya kikundi cha Dandora Transformation League, walianza court moja moja: wakatoa taka, wakazibua mitaro, wakapanda miti, wakapaka rangi, wakashindanisha court na court. Kilichozifanya zidumu ni kwamba wakazi walichangia kidogo kila mwezi kwa usafi na ulinzi, na vijana wakapata kazi halali hapo hapo, kama kuosha magari. Anayefagia alilipwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, hesabuni milango inayofungukia kwenye court yenu na mpite mlango kwa mlango na daftari. Wapangaji wataelewa haraka. Wenye ploti wafuateni ana kwa ana, maana wengi hawakai hapo, na wao ndio wanaomwaga maji ya ghorofani kwa bomba linaloishia hewani. Mkiweka geti, liwe la kuzuia magari na wezi usiku. Mchana liwe wazi, watoto wa court jirani waingie kucheza, la sivyo mtakuwa mmeanzisha vita.

Na kabla ya yote, fuateni maji yale mpaka mjue yanatoka wapi. Kama ni bomba la majitaka lililopasuka, ripotini kampuni ya maji ya jiji, na msilifukie kwa mchanga hata kama wanachelewa. Kama ni maji ya kufulia, mtaro wa upana wa sentimita 30 wenye mteremko unatosha. Nitumieni urefu wa court, upana wake, na kona ipi iko chini zaidi, nitawachorea.